Kupima Dalili za Fibromayalgia kwa Kauli ya Mgonjwa Mwenyewe

Mabibi na mabwana, fibromayalgia, ugonjwa wa maumivu yaliyoenea mwilini na uchovu usioisha, haina kipimo cha damu wala picha ya eksirei inayoweza kuithibitisha, na kwa hiyo karibu yote tunayoyajua kuhusu mwanamke anayeugua yametoka kinywani mwake. Mwaka 1990 wataalamu wa baridi yabisi wa Marekani waliweka utaratibu wa kubonyeza sehemu 18 za mwili, na aliyeumia katika 11 au zaidi, akiwa pia na maumivu yaliyoenea kwa miezi mitatu, alihesabiwa kuwa na ugonjwa huo. Utaratibu huo, kwa maoni yangu, ulipima kidole cha daktari kama ulivyompima mgonjwa. Mwaka 2010 uliwekwa kando, mgonjwa akaanza kuulizwa.

Leo nitakaa na hojaji moja tu, ile ya athari za fibromayalgia iliyorekebishwa mwaka 2009. Ina maswali 21, kila moja la alama 0 hadi 10, yote yakihusu siku saba zilizopita. Jumla ya maswali 9 ya shughuli hugawanywa kwa 3, mawili ya athari kwa ujumla huachwa yalivyo, na ya 10 ya dalili hugawanywa kwa 2, hata jumla kuu ikafika 100.

Taabu haiko katika hesabu, iko katika kuuliza. Mama mmoja wa Eastlands, Nairobi, niliyekuwa nikimsomea maswali kwa Kiswahili, alipoulizwa ugumu wa kubeba mfuko uliojaa vyakula alijibu "sifuri" bila kusita, nami nikaandika. Alipoinuka kwa kushika ukingo wa meza kwa mikono miwili, ndipo nilipomuuliza mfuko huo hufikaje nyumbani. Akacheka: "Daktari, kubeba niliacha kitambo. Kijana wangu ndiye hubeba." Sasa, hojaji yenyewe inaagiza kwamba ambaye hakufanya shughuli fulani wiki hiyo apime ugumu wa mara ya mwisho alipoifanya, na asiyeiweza kabisa aandikiwe 10, agizo hilo, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu, nilikuwa nimeliruka. Kosa hilo likirudiwa katika maswali matatu ya shughuli humpunguzia mgonjwa alama 10 katika 100, na atakayesoma faili baadaye atadhani dawa imemsaidia.

Maneno nayo yana mitego. Ukimuuliza kuhusu uchovu mwanamke anayedamka saa kumi na nusu alfajiri kuwahi matatu, atakwambia kila mtu Nairobi amechoka; ukimuuliza kuhusu kuishiwa nguvu, atakueleza jambo jingine kabisa. Tafsiri ya Kiswahili ikirudishwa katika Kiingereza ili kukaguliwa, haiwezi kuifichua tofauti hiyo, hivyo sharti tuwaombe wanawake watueleze walivyolielewa swali kabla hawajalijibu. Swali la kubadilisha shuka nalo linatutamanisha kuweka kufua kwa mkono mahali pake, kwa kuwa kazi yenyewe iko kwenye karai. Tusifanye hivyo, maana alama zetu hazitalinganishika tena na za kwingineko. Swali la kufua liulizwe kando, na alama zake zisijumlishwe.

Nilipomrudia yule mama, nikaanza kwa kumsomea agizo lote, kwa mfuko alitaja 10, kisha akaniuliza kama ngazi za ghorofa ya nne zinahesabiwa, maana hizo nazo siku hizi huzipanda mara moja tu kwa siku.