Moi wa Hotuba na Moi wa Baada ya Hotuba

Asante, Mwenyekiti. Nimepewa dakika 30, na wanaonijua naona wameshaanza kucheka.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuupima urithi wa mwanasiasa aliyekaa sana madarakani kwa kusoma vitabu vya maisha yake. Mfano wangu ni uleule wa siku zote. Daniel arap Moi aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1955, akawa Makamu wa Rais 1967, akashika urais wa Kenya Agosti 1978 na kuuacha tarehe 30 Desemba 2002. Yaliyo katikati siwasimulii, mliishi humo. Vijana wawaulize wazazi wao, wakiwa na bahati watajibiwa.

Wasifu wake unaotajwa sana ulitoka mwaka 1998, mwenyewe angali Ikulu, na aliyeuandika ni Andrew Morton, Mwingereza yuleyule aliyetuandikia habari za Diana, yule mke wa mwana wa mfalme wa Uingereza. Mnacheka. Mimi sina neno na Diana. Neno langu ni hili, na nimelisema mpaka nyumbani wamenichoka: kitabu kile ni cha Kiingereza, na Moi aliyetutawala alitutawala kwa Kiswahili.

Ngojeni. Nikifika hapa huwa naambiwa ninaleta ushabiki wa lugha. Basi niwapeleke kwetu, Siku ya Jamhuri, miaka ya themanini. Baba amekaa nje kwenye kigoda, redio iko dirishani, gunia la mahindi mbele yake. Rais anasoma hotuba iliyoandikwa, kwa Kiingereza: uchumi umekua kwa asilimia kadhaa, serikali yangu itaendelea, na kadhalika. Baba anapukuchua mahindi. Punje zinagonga karai, hotuba inapita kama mvua ya jirani. Halafu kunasikika karatasi zikikunjwa, na sauti inabadilika, inashuka, inakuwa ya mtu anayeongea na watu. Kiswahili kimeanza. Baba anaweka gunzi chini, anaongeza sauti ya redio, anasema: "Sasa nyamazeni. Hotuba ndiyo hii."

Wala hakuwa peke yake. Jirani alikuwa akisogea mpaka kwenye ua, anajifanya anakagua mikunde.

Kwa nini? Kwa sababu ile ya kwanza iliandikwa na makatibu, ikasomewa mabalozi. Hii ya pili ilikuwa yake. Humo ndimo alimokaripia, alimofanya mzaha, alimotaja watu bila kuwataja. Umati ukicheka, kuna mtu mahali fulani amepoteza usingizi. Na kama hakupatikana kwenye Kiswahili cha jukwaani, angepatikana kwenye taarifa ya habari ya saa saba mchana, kwa sababu mawaziri walikuwa wakisikia redioni kwamba wamefutwa, kijiko kikiwa njiani kuelekea mdomoni.

Sasa mtafiti anatoka mbali, anataka kuandika maisha ya mtu huyu. Anapewa nini? Hotuba zilizochapwa, yaani zile ambazo baba yangu alizipukuchulia mahindi.

Chukueni "Siasa mbaya, maisha mbaya." Mnaikumbuka? Itafsiri kwa Kiingereza upate msemo wa babu mwenye busara: siasa zikiharibika na maisha yataharibika. Nani atabisha? Lakini kwa mkulima aliyekuwa akingoja hatimiliki ya shamba, kwa mwalimu aliyekuwa akingoja kupandishwa cheo, ile haikuwa busara. Ilikuwa habari. Ukishika siasa isiyo yetu, maisha yako yatakuwa mabaya, na sisi ndio tutakaoyafanya mabaya.

Na mabaya, jamani! Ngeli ya MA! Maisha mabaya! Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa na kalamu nyekundu isiyomhurumia mtoto wa mtu. Mwenzetu mmoja alimaliza insha yake kwa maneno hayohayo, siasa mbaya, maisha mbaya, nukta. Daftari likarudi limevuja damu. Koma imezungushiwa duara, herufi kubwa imezungushiwa duara, "yangu" na "langu" zimepigwa mstari. Sentensi ya mwisho safi, haikuguswa. Tulilipitisha daftari lile darasa zima. Hakuna aliyesema kitu, na mwalimu hakusema kitu, na sote tukaelewa. Nipeni kitabu chenye sura 20 kuhusu utawala wa chama kimoja, mimi nitawapa ile sentensi isiyosahihishwa.

Au neno "mtukufu". Kwa Kiingereza, cheo kile ni itifaki tu, kila balozi anacho. Kwa Kiswahili, utukufu ni wa Mungu, na mwezi mtukufu ni Ramadhani. Sisi kila siku taarifa ya habari ilifunguliwa na Mtukufu Rais. Tafsiri imelipunguza uzito neno, na msomaji wa London hawezi kujua kwamba kuna kitu kimedondoka njiani.

Naona bwana mmoja anatikisa kichwa. Utaniambia maneno ni maneno, kiongozi apimwe kwa vitendo: shule, barabara, hospitali. Ndugu yangu, msafara ulikuwa ukisimama sokoni, Rais anachomoza juu ya gari, anatamka jambo, na kabla ya jua kutua DC, mkuu wa wilaya, na chifu wako mbioni. Kulitamka ndiko kulikuwa kulitenda. Septemba 1984 aliwataka mawaziri waimbe kama kasuku, kama yeye alivyouimba wimbo wa Kenyatta, rais aliyemtangulia. Wakaimba. Na mwaka 1988 tukapanga mlolongo, kila mtu nyuma ya mtu wake, kuwateua wagombea wa KANU, chama pekee kilichoruhusiwa, na kuna mahali mstari mfupi ulitangazwa kuwa mrefu. Macho yalikuwepo. Kilichokosekana ni kinywa.

Pingamizi la pili, hili la wazee: marehemu hasemwi. Sawa. Na waliouawa na askari wa serikali kwenye kiwanja cha ndege cha Wagalla, Wajir, Februari 1984, wao si marehemu? Adabu hii mbona inawatambua wafu wachache tu?

Mwenyekiti ananionyesha vidole vitano. Nilikuwa na mengine matatu, nitayakimbia.

Utoto. Kila wasifu unaanza na mchunga mbuzi wa Sacho, aliyempoteza baba akiwa mdogo, aliyekwenda shule kwa miguu. Ni kweli, na inagusa moyo, na imewekwa mwanzoni makusudi ili ukifika kwenye vyumba vya chini vya Nyayo House, walimoteswa wapinzani, uwe umeshampenda.

Maziwa. Mimi ni mtoto wa maziwa ya Nyayo, yale ya bure shuleni, ya tangu 1979, ile pakiti ya pembe tatu, unaing'ata ncha na kunyonya. Yalikuwa matamu na sitayakana. Wanafunzi wangu hukasirika nikisema hivyo, wanataka nichague. Sichagui.

La tatu ni kuondoka. Uhuru Kenyatta, mgombea wake, alishindwa, naye akakabidhi, huku watu pale Uhuru Park wakirusha matope. Alikabidhi, na ndiyo, wengi wa rika lake barani hawakukabidhi. Ila ukomo wa mihula miwili uliingia kwenye katiba mwaka 1992, na haukudondoka kutoka mbinguni. Kulikuwa na Matiba na Rubia, waliodai vyama vingi wakawekwa kizuizini, kulikuwa na maandamano ya Saba Saba ya 1990, kulikuwa na akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliokesha Uhuru Park pamoja na Wangari Maathai. Sifa ya siku ile igawanywe. Nilikuwa na ukurasa mzima kuhusu Goldenberg, ile kashfa ya fedha za umma, ninauruka.

Kwa hiyo ombi langu kwa vijana mnaosomea historia hapa. Kabla hamjaandika wasifu mwingine wa Moi, zitafuteni kanda, za Sauti ya Kenya na za KBC, redio ya taifa. Msianzie mwanzo. Pelekeni mbele mpaka msikie karatasi zikikunjwa, halafu muanze kuandika. Andikeni na vicheko vya umati, na mahali umati uliponyamaza.

Februari 2020, ibada ya kumuaga Moi ikionyeshwa kwenye televisheni kutoka Uwanja wa Nyayo, nilikaa na baba. Ana masikio mazito sasa. Wasemaji wakapanda na kushuka na Kiingereza chao, yeye akasinzia. Baadaye akafumbua jicho moja: "Bado hawajafika kwenye Kiswahili?"

Nikamwambia bado. Akalifumba.

Haya, Mwenyekiti, nimemaliza. Yule mama wa nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja maziwa.