Tafuta Kosa la Kwanza: Namna ya Kukosoa Mchoro wa Mwanagenzi

Mhadhara kwa walimu wa sanaa, wazazi na wanafunzi, Kisumu

Hamjambo nyote. Walimu, asanteni kwa kutoa Jumamosi yenu. Nanyi vijana mliokuja na madaftari, yaacheni wazi, tutayahitaji.

Hapa mezani pana sufuria ya kawaida isiyo na mikono. Mdomo wake una upana wa sentimita 24, kina chake ni sentimita 12. Ninyi wa mbele mnaona mpaka ndani. Walio nyuma kabisa wanaona mdomo umebanwa, unakaribia kuwa mstari. Nyote mkiichora vizuri, michoro haitafanana, na yote itakuwa sahihi. Kwa hiyo kabla ya kumwambia mtu lolote kuhusu mchoro wake, peleka jicho lako pale jicho lake lilipokuwa. Keti kwenye kiti chake. Kama ni mfupi kuliko wewe, inama.

Tupige hesabu kidogo. Jicho likiwa sentimita 30 juu ya usawa wa mdomo, na sentimita 60 kwa mlalo kutoka katikati ya sufuria, mdomo uliochorwa kwa upana wa sentimita 10 utakuwa na kimo cha kama sentimita 4.5. Mchoraji akichoka kuinama, akajinyoosha na jicho likapanda sentimita 15, kimo hicho kinafika 6. Sasa mwanafunzi amechora mdomo akiwa ameinama, kisha amechora kitako akiwa amenyooka. Mchoro umekataa kukaa sawa, naye mwalimu anasimama nyuma yake na kumwambia hajui kuangalia. Anajua. Aliangalia kutoka mahali pawili. Mjerumani Albrecht Dürer alichapisha mwaka 1525 picha ya mchoraji anayechora juu ya kioo huku jicho lake likiwa kwenye kitundu kilichofungwa mahali pamoja. Sisi hatuhitaji kioo: bandika kipande cha utepe sakafuni miguu ya kiti ilipo, na chagua alama moja ukutani ambayo ukingo wa sufuria unaigusa. Kila ukiinua kichwa, hakikisha bado unaigusa.

Nikija kwenye maneno yenyewe, kuna neno moja tunalolipenda sana huku kwetu: "Umejaribu." Tunalisema kwa upole, na nia ni njema, lakini mtoto hapati la kufanya nalo. Hajui arudie nini wala aache nini. "Maridadi sana" ni vivyo hivyo, na 7 kwa 10 ya kalamu nyekundu ni vivyo hivyo. Sifa inasaidia inapotaja mahali: "Mstari huu wa ubavu wa kushoto umeuvuta mara moja, haukusita." Hapo amejua kitu cha kukilinda.

Na kosa je? Wengi wetu hurukia kosa kubwa, lile linaloonekana kutoka mlangoni. Mimi nawaomba mtafute kosa la kwanza, kwa maana la mapema zaidi katika mpangilio wa kuchora. Chukueni sufuria iliyoinama kwenye karatasi kana kwamba inamwaga chai. Jicho linakimbilia kitako, kwa sababu ndicho kilichopinda. Ukimwambia arekebishe kitako, atafuta, atachora tena, na bado itamwaga. Weka rula katikati ya mdomo, chora mstari wa wima kushuka chini. Upana wa duaradufu ya mdomo, yaani ule mviringo uliobanwa, unapaswa kukata mstari huo kwa pembe mraba. Ukikuta upande wa kulia umepanda, kosa limeanzia hapo, na vyote vilivyofuata vilitii. Chanzo chake mara nyingi ni mkono unaozunguka kwenye kiwiko huku karatasi imekaa upande. Dawa: nyoosha karatasi mbele ya kifua, sogeza mkono kutoka begani, chora duaradufu 20 kila moja ikiwa na mstari wake wa katikati. Kitako kiache kwanza.

Kosa lingine la sufuria nalitaja kwa sababu linakuja karibu kila darasa: mdomo wa duaradufu, kitako kilichonyooka kama rula. Mwanafunzi anajua sufuria imekaa mezani, na meza ni bapa, basi anachora anachojua. Lakini kitako kiko chini zaidi ya jicho kuliko mdomo, hivyo mviringo wake unafunguka zaidi. Na pembe za duaradufu zikichongoka kama jani, mwambie azunguke mara mbili hewani kabla penseli haijagusa karatasi, asisimame kwenye kona.

Pia tazama meza. Karatasi iliyolazwa bapa, sehemu yake ya juu iko mbali na jicho kuliko ya chini. Mchoro utaonekana sawa kwa aliyeketi, lakini ukiusimamisha unakuta umerefuka. Egemeza ubao wa kuchorea kwenye vitabu vitatu au vinne mpaka jicho liukabili moja kwa moja. Hili halimhitaji mkosoaji kabisa, linahitaji vitabu.

Masanduku ni rahisi zaidi kuyakosoa, kwa kuwa yanajipima yenyewe. Sanduku linaloonyesha nyuso tatu lina kingo tisa zinazoonekana, makundi matatu ya kingo tatu. Kwa kalamu ya rangi nyingine, refusha kila kingo kuelekea upande unaokwenda mbali na mtazamaji. Kila kundi linapaswa kukaribiana kadiri linavyokwenda. Likitawanyika, mwanafunzi alilinganisha kingo na jirani yake tu, akasahau ile ya tatu.

Mtumbwi wa pale Dunga, ufukweni mwa ziwa, ukichorwa kutoka mbele, wanaoanza huurefusha kwa sababu wanaujua ni mrefu. Usibishane naye. Mpe penseli, anyooshe mkono wote, kiwiko kisikunjwe, afumbe jicho moja, apime upana wa mtumbwi kisha urefu unaoonekana. Kiwiko kikikunjika katikati ya vipimo, linganisho limeharibika.

Kuhusu kivuli nitasema machache. Mchoro ukiwa wa kijivu mtupu, uliza penseli kwanza. HB, penseli ya ugumu wa kati, haifiki weusi wa 4B iliyo laini zaidi hata uikandamize, inang'arisha karatasi tu. Na kama dirisha liko wazi na taa imewaka, vivuli vitakuwa viwili. Zima taa.

Sasa ninyi mnaokosolewa. Msifute kabla ya kuonyesha. Mficha uchi hazai: mistari iliyofutwa ndiyo ingemwambia mwalimu mkono ulianzia wapi. Nyuma ya karatasi andika tarehe, muda uliotumia, umbali wa kiti, na swali moja. "Ni sawa?" si swali. "Mbona ubavu wa kulia unaonekana mfupi?" ni swali, na mtu anaweza kulijibu kwa rula. Ukituma picha kwa simu, ishike simu sambamba na karatasi na uonyeshe kona zote nne. Kona zikiwa hazilingani, anayetazama atajua ni simu iliyoinama wala si mkono wako.

Ukiambiwa jambo, usijitetee papo hapo, na usilikubali papo hapo pia. Lipime. Walimu wawili wakipingana, mmoja akasema mdomo ni mpana na mwingine akasema ni mwembamba, rudi kwenye kiti, nyoosha mkono, hesabu kimo kinaingia mara ngapi katika upana. Sufuria ndiyo inayoamua. Kisha chora upya pembeni, usikarabati ule wa zamani. Ukiukarabati, unapoteza cha kulinganishia, na mistari inaota nywele.

Basi tufanye. Sufuria inabaki hapa. Mna dakika 10, bila raba, mstari wa katikati kwanza. Baadaye mtabadilishana viti pamoja na karatasi, na kila mmoja ataandika kwenye karatasi ya mwenzake jambo moja la kulinda na kosa moja la kwanza, pamoja na kipimo alichotumia kulipata.