Gunia la Mchele Haligeuki Viazi

Wazee wetu mliokaa mbele, shikamooni. Vijana, asanteni kwa kutoka na baridi hii ya Mbeya.

Nina jambo moja tu, na linawaliza wengi wanaoanza Java, lugha ya kuandikia programu: kukasti, yaani kuiambia Java ikichukulie kitu kuwa cha aina nyingine. Niliwahi kumwandikia programu ya stoo mama mmoja wa Mwanjelwa anayepokea viazi vya Uyole na mchele wa Kyela. Nikaunda klasi, yaani kiolezo cha aina fulani ya kitu, ya Mzigo, yenye uzito na jina la mwenye mali. Chini yake nikaweka Viazi na Mchele. Zote mbili zinarithi vya Mzigo, kisha kila moja ina chake: Viazi ina siku za kukaa stoo kabla havijachipua, Mchele una daraja. Kurithishana huku tunako tangu lugha ya programu ya Simula 67, ya Dahl na Nygaard wa Norwei.

Sasa, kila Mchele ni Mzigo. Ukiuweka kwenye kigeu (jina linaloshika kitu ndani ya programu) cha aina ya Mzigo, Java haiulizi kitu. Daraja halionekani tena, lakini limo mlemle, halijafutwa. Hapa tutulie kidogo. Kukasti kitu hakugusi gunia. Kilichobadilika ni unachoruhusiwa kukiona. (Namba ni habari nyingine: 7.9 ukiikasti kuwa namba nzima inabaki 7, kipande cha desimali kimekatwa kweli.)

Mpaka uko kwenye kushuka, kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Ukikasti Mchele kuwa Viazi waziwazi, kompaila, inayokagua na kutafsiri programu kabla haijaanza kazi, inakataa palepale, maana hao ni ndugu, hakuna aliyemzaa mwenzake. Lakini ukishika Mzigo ukasema “hivi ni viazi”, kompaila inakubali, kwa kuwa huenda ni kweli. Programu ikishaanza kazi ndipo gunia linachunguzwa, unakutwa mchele, unarushiwa kosa liitwalo ClassCastException. Yangu ilianguka saa kumi na moja alfajiri, fuso limeshaegeshwa, wapagazi wanasubiri. Niliumia sana.

Dawa ya haraka ni instanceof, neno la Java la kuuliza kama kitu ni cha aina fulani: uliza kwanza, ndipo ukasti. Tangu Java 16, ya mwaka 2021, hayo mawili yanakaa mstari mmoja. Ni halali, natumia. Ila nilipoyakuta maswali hayo sehemu 6 katika programu ile, nilijua kosa liko juu, kwa mzazi. Nikaipa Mzigo metodi moja, yaani kazi ambayo klasi inaifanya, kaguaUbora, kila mtoto akaijaza kwa namna yake, nikayafuta maswali yote. Msimu uliofuata mama akaleta ndizi za Tukuyu. Niliandika klasi ya Ndizi, na ukaguzi ukazipokea bila kuguswa mstari mwingine.