Msizibe Huo Ufa Kwanza

Hamjambo wazee wangu, akina mama, vijana. Asanteni kwa kuacha shughuli za Jumamosi mkaja. Mwenyekiti ameniambia niongee dakika ishirini kuhusu haya magorofa yanayopanda kando ya nyumba zetu hapa Nairobi, Kileleshwa na Kilimani, na zile kelele za nani amlipe nani kuta zetu zikipata nyufa. Nitajaribu, lakini mnivumilie nikizidisha maanake hii kitu iko kwa roho yangu.

Shuleni tulifunzwa usipoziba ufa utajenga ukuta, na ni kweli, lakini mimi leo nimekuja kuwaomba msizibe. Kontrakta wa jirani akikutumia kijana na ndoo ya plasta, amevaa ovaroli safi, anakuambia mama tumekuja kukurekebishia bure ni ujirani mwema tu, mwambie asante, ngoja kwanza. Huyo kijana namjua kwa sababu alikuwa mimi. Nimefanya mjengo miaka kumi na nane, nikaanza kama mtu wa mkono nikamaliza nikiwa foromani, na sikumbuki ni mara ngapi nimetumwa kwa jirani na hiyo ndoo. Tunapanua ufa kidogo na patasi, tunajaza, tunapiga msasa, tunapaka rangi, ikifika jioni ukuta unang'aa na mwenye nyumba ametupikia chai. Miezi miwili baadaye ufa umerudi mkubwa kuliko ule wa kwanza, akija kulalamika anaulizwa, mama, picha ya ule wa kwanza iko wapi? Hana. Ulikuwa na upana gani? Hajui. Ulianza lini? Anajibu, si ni ule wakati mlikuwa mnachimba? Na sisi tunajua vizuri ulianza lini, tumesimama hapo tumenyamaza. Hiyo inaniuma mpaka leo.

Halafu ikafika kwa mamangu.

Mamangu anakaa bangaloo ya zamani ya mawe, msingi wake haufiki hata mita moja na nusu, maanake wakati inajengwa nani angefikiria jirani atakuja kuchimba shimo la mita saba la kuegesha magari. Ploti ya kando ikauzwa, mabati yakazungushwa, ekskaveta ikaingia. Na mjue kitu cha kwanza hakikuwa ukutani, kilikuwa uani, pale kwa kamba ya nguo, mstari mwembamba kwa udongo unafuata ukuta wa mpaka kama mtu amechora na kijiti, kuku wanaupita tu. Siku chache mlango wa jikoni ukaanza kukwama. Ndio sasa ufa ukatoka kona ya dirisha la chumba cha kula, ukashuka ngazi kwa ngazi ukifuata viungo vya mawe mpaka karibu na sakafu.

Kwa nini inakuwa hivyo? Udongo ulio chini ya nyumba yako unashikiliwa na udongo wa kando, ukitoa wa kando bila kuweka kitu cha kuushikilia, wako unaanza kusogea kuelekea shimo, polepole, milimita kwa milimita. Ongeza ile mashine ya kuvunja mwamba inayotetemesha mpaka vikombe kabatini. Ongeza pampu zinazovuta maji ya chini usiku na mchana, udongo ukikauka unashuka. Injinia anayejua kazi yake anaweka ukuta wa kushikilia udongo kabla ya kwenda chini zaidi, ni gharama, na hapo ndipo watu hukata kona.

Nilichofanya kwa mama ni hiki. Nilichukua penseli nikapiga mstari kukata ufa pale mwisho wake juu, na mwingine mwisho wake chini, kando ya kila mstari nikaandika tarehe. Katikati nikapima upana na rula. Kama hauna rula ya kuaminika chukua kadi ya benki, unene wake ni kama robo tatu ya milimita, ikiingia kwa ufa ujue umekaribia milimita moja. Nikapiga picha rula ikiwa imewekwa hapo hapo, halafu nyingine nikiwa nimerudi nyuma ili chumba chote kionekane, mtu asije akasema huo ukuta ni wa nyumba ingine. Nikabandika pia kipande chembamba cha kioo kukata ufa, na gundi ngumu isiyovutika, hiyo nilifunzwa na mafundi wazee. Nyumba ikitembea, kioo kinavunjika. Kilivunjika siku ya tisa, mama akanipigia simu saa kumi na moja asubuhi.

Kila Jumapili tulikuwa tunapima. Wiki ya kwanza milimita moja, ya tatu mbili, ya sita tatu na nusu, na karatasi ya mama ilikuwa na safu nyingine ya kuandika siku hiyo mashine ilikuwa inafanya nini. Mashine ikipumzika ufa unatulia. Mashine ikirudi ufa unatembea. Hiyo karatasi ilikuwa na nguvu kuliko barua yoyote ya wakili.

Maanake tulipoitwa kikao kwa saiti, kontrakta alianza vile nilijua ataanza, nyumba ni ya zamani, ni mvua hiyo, huo ufa ulikuwepo. Na mjue mara ingine ni kweli! Sitaki mtoke hapa mkidhani kila ufa ni wa jirani. Wale wako na jamaa Embakasi, Syokimau, Kitengela, huko kuna udongo mweusi unaofura mvua ikinyesha na kusinyaa wakati wa kiangazi, nyufa zinafunguka Februari zinafunga Mei bila mtu yeyote kuchimba. Sasa utatofautishaje kama haukuwa umeandika? Kwa hivyo picha za muhimu zaidi ni zile za kabla. Mabati yakizungushwa tu, kabla mashine kuingia, tembea nyumba nzima, kila ukuta, silingi, tailsi, ukuta wa mpaka, tangi la choo, piga picha hata za ile nyufa ya kitambo. Hiyo ya kitambo usiifiche, ukiionyesha mwenyewe utaaminika kwa ile mpya. Na mwambie kontrakta aje mfanye pamoja mweke sahihi, yule mzuri atakubali haraka kwa sababu inamlinda yeye pia. Anayekataa, mwandikie kwamba amekataa.

Piga picha pia ya kile kibao cha mradi. Kiko na jina la mwenye ploti, injinia, kontrakta na namba ya NCA, ile mamlaka ya kitaifa ya ujenzi, na mjengo ukiisha kinang'olewa. Barua yako ipeleke kwa wote hao, sio kwa foromani getini. Foromani hana uwezo, nilikuwa mmoja najua. Kontrakta atakurushia yule wa kuchimba, yule wa kuchimba alimaliza kazi yake ashaenda Naivasha, lakini mwenye ploti hawezi kuhama na ploti.

Na muwaulize hao swali moja hapo mapema: muko na bima? Bima ya ujenzi ipo na inalipa hasara ya jirani, lakini hasara inayotokana na mtetemo ama kuondolewa kwa udongo unaoshikilia nyumba mara nyingi haimo mpaka ilipiwe pembeni. Ya jirani wa mama haikuwa nayo. Tungeuliza siku ya kwanza tungejua, badala yake tulingoja miezi minne tukiambiwa watu wa bima wanakuja. Mwishowe mwenye ploti na kontrakta waligawana, shilingi laki tatu na themanini, na walikubali baada ya ile karatasi ya Jumapili kuwekwa mezani pamoja na vipande vya kioo.

Sheria nitapita haraka. Kuna kanuni za kelele na mtetemo za 2009, chini ya sheria ya mazingira, zinasema mtetemo usipite nusu sentimita kwa sekunde nje ya mpaka wa ploti, kwa hivyo ukiwaandikia NEMA, ile mamlaka ya mazingira, usiseme tu nyumba inatetemeka, waombe waje wapime. Hasara kama haizidi milioni moja, kuna Mahakama ya Madai Madogo, ilianza Milimani 2021, hauhitaji wakili na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Ikizidi hapo mtafute wakili. Na msilale, kesi ya kuharibiwa mali na mtu ambaye hamna mkataba naye ni miaka mitatu tu. Mkiwa na mkataba, kama na yule fundi wako mwenyewe aliyekubomolea bomba akirekebisha paa, ni sita. Huyo wako mwenyewe pia usimmalizie pesa yote, bakisha asilimia kumi hivi mpaka nyumba ipigwe na msimu mmoja wa mvua, na muandikiane hivyo kabla aanze. Picha za simu nazo kwa mahakama kubwa zinahitaji cheti cha kusema nani alipiga na kwa simu gani, kwa hivyo usifute zile za kwanza ati kwa sababu ushatuma WhatsApp.

Lakini kuna ufa wa kupima na kuna ufa wa kukimbia, wazazi wangu nisikizeni hapa. Ukiingiza kidole, ama umeongezeka usiku mmoja, ama unasikia ukuta unapasuka pasuka na milango mingi imekwama pamoja, wacha penseli. Toa watoto, toka, piga simu ukiwa nje. Mtaa wa Huruma hapa Nairobi, Aprili 2016, gorofa ilianguka usiku wa mvua tukapoteza zaidi ya watu 50. Ushahidi hauna maana kama wewe hauko.

Ndiyo mama, wewe wa kitenge, uliza.

(Mama anasema ploti ya nyuma yake imezungushwa mabati juzi Alhamisi, na ameona lori limeleta ekskaveta leo asubuhi, lakini haijaanza kazi.)

Haijaanza? Una uhakika? Sawa mama, basi hatungoji. Jumatatu asubuhi watakuwa washaanza kuchimba. Simu yako ina nafasi? Kama haina mtoto wako ataazima yangu. Mwenyekiti, naomba chai tuinywe baadaye, nyumba ya mama iko hapa karibu, wale wanaweza tutembee naye sasa hivi kabla jua lipotee. Rula ninayo, na penseli nimebeba pakiti nzima.