Jina la Marehemu kwenye Ukurasa wa Kwanza: Namna ya Kusoma Vitabu vya Mizaha vya Uingereza

Waheshimiwa walimu, na ninyi wanafunzi mliosimama kule nyuma, sogeeni mbele. Viti hivi havina wenyewe.

Walionisikia siku zilizopita wanajua nitaanzia wapi, nami naanzia pale pale kwa sababu kosa ni lile lile. Mtu anashika kitabu cha mizaha cha London cha karne ya 18, anasoma jina lililochapwa ukurasa wa kwanza, kisha anaandika kurasa 40 juu ya "ucheshi wa Joe Miller". Joe Miller hakuandika kitabu kile. Wala hakukiona. Kilipotoka mwaka 1739 mwenyewe alikuwa kaburini tangu Agosti 1738.

Miller alikuwa mwigizaji wa Drury Lane, ukumbi wa tamthilia wa London, mtu wa sehemu za kuchekesha. Inasimuliwa kwamba nje ya jukwaa alikuwa mkimya, na marafiki zake wakawa wanamtwika kila mzaha mpya uliozuka mjini, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kuudai. Alipofariki, mwandishi wa tamthilia aitwaye John Mottley alikusanya mizaha 247, akajificha nyuma ya jina la bandia, Elijah Jenkins, na mchapaji T. Read wa mtaa wa Fleet akakitoa kitabu kwa shilingi moja. Shilingi moja ni peni 12. Gawanyeni wenyewe: kila peni inanunua mizaha kama 20. Hiyo ni biashara, na mtu akiisahau biashara hiyo hawezi kukielewa kitabu.

Sasa sikilizeni ukurasa wa kwanza unavyodai: kwamba mizaha mingi imenakiliwa kutoka kinywani mwa bwana mcheshi ambaye jina lake linaonekana hapo juu. Ukihesabu ndani, mizaha inayomhusu Miller mwenyewe ni mitatu. Mitatu kati ya 247! Mingine inahusu maaskofu, malodi, walevi, majaji, wake za watu, na watu wa Ireland, ambao Waingereza walizoea kuwafanya wajinga wa kila hadithi.

Mmoja wa hiyo mitatu nitawapa, kwa sababu unafundisha jambo la pili. Miller ameketi dirishani kwenye kilabu cha pombe. Mchuuzi wa samaki anapita akinadi samaki wake wa aina mbili. Jina la aina ya kwanza kwa Kiingereza hutamkwa sawasawa na neno "roho". Jina la aina ya pili ni lile lile la "msichana wa kazi". Miller anamkemea: ewe mama mwovu, haikutoshi kuuza roho yako, unauza na ya mtumishi wako? Mnaona nilivyotumia sentensi tano kuwaeleza kichekesho cha sentensi mbili, na hakuna aliyecheka. Mzaha unaokaa kwenye sauti ya neno haufasiriki; ufafanueni, msijaribu kuutafsiri. Mzaha unaokaa kwenye tukio unavuka bahari bila shida. Mkisoma vitabu hivi, jambo la kwanza la kuandika pembeni mwa kila mzaha ni: sauti au tukio? Anayeruka hatua hiyo ndiye anayerudi kwangu na kusema watu wa zamani hawakuwa wacheshi.

Najua kuna anayesema moyoni: mzaha ni mzaha, jina la kifuniko lina nini? Lina mengi. Tazameni mfululizo. John Skelton, mshairi, alifariki mwaka 1529; mizaha "yake" ilichapwa 1567. Richard Tarlton, mchekeshaji mpendwa wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, alifariki 1588. Nakala ya zamani kabisa ya mizaha "yake" iliyotufikia ni ya 1613. George Peele, mwandishi wa tamthilia, alifariki 1596. Kitabu kikatoka 1607. Halafu Miller, 1738 na 1739. Tofauti ni kwamba subira imepungua: kwa Skelton walingoja miaka 38, kwa Miller hata mwaka haukutimia.

Kwa nini marehemu? Kwanza, marehemu hadai malipo wala hakanushi. Pili, na hili ndilo kubwa kwa fundi wa maneno, jina linalojulikana linapunguza urefu. Ukisema "Tarlton aliingia kilabuni", msomaji wa London anajua tayari sura yake, pua yake iliyobonyea, na kwamba kuna jambo litaharibika. Huhitaji sentensi tatu za kumtambulisha. Katika kichekesho, sentensi tatu za utangulizi ni jiwe shingoni.

Na ninyi hapa mnalielewa hili kuliko wasomaji wengi wa Ulaya, kwa sababu mmelelewa na Abunuwasi. Abu Nuwas alikuwa mtu kweli, mshairi wa Baghdad aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9. Je, vituko vyote vile vya Abunuwasi mlivyosimuliwa na bibi zenu alivifanya yeye? Hakuna anayeuliza. Jina ni ndoano ya ukutani, kila anayeingia anatundika kofia yake. Sasa kwa nini tukifika kwa Joe Miller tunasahau tunachokijua tangu utotoni, na kuanza kumtafuta kwenye kumbukumbu za ubatizo?

Kitabu kile kiliendelea kunenepa. Kilichapwa mara tatu mwaka ule ule wa kwanza, na kila mchapaji aliyefuata akaongeza yake, hadi karne ya 19 kukawa na matoleo yenye mizaha zaidi ya 1,000. Lile neno "Joe Miller" likawa jina la mzaha uliochakaa. Mwandishi wa riwaya Charles Dickens, mwaka 1843, anamfanya mzee bahili wa hadithi yake ya Krismasi aseme kwamba hata Joe Miller hajawahi kufanya mzaha kama wa kumpelekea karani wake bata mzinga bila kumwambia nani kamtuma. Msomaji wa 1843 alielewa papo hapo. Lakini anayefanya utafiti kwa toleo la karne ya 19 akidhani anasoma 1739 amepotea, maana wachapaji wa baadaye waliongeza, na pia waliondoa mizaha ya chumbani ili kitabu kiweze kusomwa sebuleni.

Basi mtajuaje nani kanakili kwa nani? Msifuate majina. Mnakili hubadilisha majina kwanza: askofu anakuwa jaji, York inakuwa Bristol. Fuateni mpangilio. Ukikuta mizaha mitatu au minne imefuatana kwa utaratibu ule ule katika vitabu viwili, kimoja kimechukua kwa kingine, au vyote vimechukua kwa cha tatu. Mzaha mmoja kufanana hauthibitishi kitu. Ungeweza kusikika mtaani.

Na kabla ya kusema kwamba toleo fulani "limeacha" mizaha, hakikisheni nakala yenu ni nzima. Chini ya kurasa mtaona herufi ndogo: A, A2, A3, kisha B, B2. Hizo ni alama za mfunga vitabu, ajue karatasi ipi inafuata ipi. Alfabeti yao ya kazi hii ina herufi 23. Haina J, haina W, na U na V huhesabiwa moja. Kwa hiyo mkiona I kisha K, hakuna kilichopotea. Lakini mkiona C kisha E, karatasi nzima haipo, na katika kitabu ambacho kila karatasi imekunjwa mara tatu hizo ni kurasa 16. Kurasa 16 ni mizaha mingi. Nimesoma makala nzima iliyojengwa juu ya "mizaha iliyokatazwa", kumbe ni karatasi D iliyochomoka.

Hapo nafika kwenye jambo ambalo kila mara huniishia muda, nalo ni hili: tunachokiona leo si kile walichokisoma. Kitabu cha mahubiri kilikaa kabatini kikaishi miaka 400. Kitabu cha mizaha kilipita mikononi, kikalowa pombe, kikachanika. Kilichopendwa zaidi ndicho kilichotoweka zaidi. Chukueni mfano mkubwa kuliko yote, ule mkusanyiko wa hadithi mia za kuchekesha uliochapwa London na John Rastell, shemeji yake Thomas More. Shakespeare anautaja: katika tamthilia moja iliyochapwa 1600, Beatrice anachukia kwa sababu ameambiwa akili yake yote ya mjini ameichota kwenye kitabu hicho. Kwa hiyo kila mtu ukumbini alikijua. Kufika mwanzo wa karne ya 19 kikawa hakionekani popote. Mhariri Samuel Singer mwaka 1814 alichapa kitabu kingine cha mizaha cha enzi ile akidhani ndicho. Kisha J. J. Conybeare, profesa wa ushairi Oxford, akakipata. Wapi? Ndani ya jalada la kitabu kingine.

Hapa naomba mnivumilie. Jalada gumu la karne ya 16 mara nyingi si mbao. Mfunga vitabu alinunua karatasi chakavu kwa uzito, akazipaka gundi ya uji wa unga, akazibandika moja juu ya nyingine hadi zikawa nene na ngumu, akazigandamiza kwenye shinikizo, akazikata kwa kipimo cha kitabu, kisha akavika ngozi. Kitabu cha mizaha kilichochakaa kilikuwa malighafi. Ukilitia jalada kama hilo kwenye maji vuguvugu, uji unalainika na majani yanabanduka moja moja. Wino wa kuchapia hautoki, kwa sababu ni masizi na mafuta ya kitani. Wino wa mkono una hatari zaidi. Anayeharibu ni mwenye haraka: akivuta kabla uji haujalegea, uso wa karatasi unabaki umeng'ang'ania jani la jirani pamoja na maandishi. Na hata mwenye subira hapati vyote, kwa sababu kisu cha mfunga vitabu kilikata kingo zamani, pamoja na miisho ya mistari. Ndiyo maana toleo alilochapa Singer mwaka 1815 kutokana na majani yale lina mapengo katikati ya sentensi. Leo watunzaji wa makumbusho hupiga picha kila tabaka kwanza, na mara nyingi huamua kutobandua kabisa, maana jalada lenyewe ni ushahidi.

Nakala kamili ilikuja kuonekana Ujerumani, kwenye maktaba ya Göttingen, ya mwaka 1526, ikachapwa upya 1866. Katika vitabu vya mizaha vya enzi ile mna padri wa kijijini aliyehubiri kwamba Bwana alilisha watu 500 kwa mikate mitano. Karani wake akamnong'oneza: padri, umekosea, walikuwa 5,000. Padri akajibu: nyamaza wewe, hata hao 500 watawaamini kwa shida. Huu ni mzaha wa tukio, na mmecheka. Hadithi nyingi za mkusanyiko wa Rastell humalizika kwa funzo, "kwa hadithi hii mtaona kwamba..." Miaka 200 baadaye, kwa Mottley, funzo limeondoka na mzaha unasimama peke yake. Badiliko hilo linastahili tasnifu, wala halihitaji jina la mtu yeyote.

Naona nimebakiwa na dakika chache. Vijitabu vya peni, basi, kwa ufupi: karatasi moja, kurasa 12 zimechapwa mbele na 12 nyuma, inakunjwa, inakuwa kijitabu cha kurasa 24. Machinga wa enzi hizo walivitembeza vijijini pamoja na sindano na utepe. Tazameni kurasa za mwisho. Maandishi yakiwa madogo ghafla, mchapaji aliona nafasi inamwishia. Kukiwa na wimbo au picha isiyohusiana, nafasi ilimzidi. Msitafute maana ya kifasihi katika picha hiyo. Samuel Pepys, mwandishi wa shajara wa karne ya 17, alivikusanya na kuvijalidi pamoja, na vipo hadi leo Magdalene College, Cambridge. Vilipona kwa sababu vilifungwa ndani ya majalada.

Wajinga wa Gotham, kijiji cha Nottinghamshire, nilitaka kuwapa nusu saa. Nitawapa mmoja. Watu 12 walikwenda kuvua. Kurudi wakahesabiana, na kila mmoja akapata 11 kwa kuwa hakujihesabu. Wakaanza kumlilia aliyezama. Akapita mtu wa farasi, wakamwahidi fedha zao zote akimpata ndugu yao, naye akawachapa mjeledi mmoja mmoja mgongoni huku akihesabu, hadi wa 12 akapatikana. Walimshukuru kwa machozi. Linganisheni na yule anayehesabu punda akamsahau aliyempanda, mkianza na swali lile la sauti au tukio.

Jarida la vichekesho la Punch, lililoanza 1841, linabaki kwa siku nyingine. Karatasi mbili mlizopewa mlangoni zina mizaha ya vitabu viwili, majina nimeyafuta. Niambieni ipi imenakiliwa kwa ipi, na mnionyeshe mfuatano. Swali la kwanza, dada wa pale dirishani.