Barbara Jordan alishindwa mara mbili, alafu wakabadilisha ramani

Nimepewa dakika kumi, na mwenyekiti ananijua, ndo maana kakaa mbele kabisa na simu mkononi. Haya. Naanza na meza.

Barbara Jordan, mwanasiasa mweusi, mtoto wa mtaa wa Fifth Ward hapahapa Houston, kazaliwa 1936, karudi kutoka Boston na digrii yake ya sheria, ofisi hana. Akaanza uwakili kwenye meza ya kulia chakula ya wazazi wake. Sahani zinatoka, mafaili yanaingia. 1960 akaenda kujitolea kwenye kampeni ya urais ya Kennedy na Johnson, wakampa kazi gani? Kulamba stempu na kujaza bahasha. Wakili mzima! Mpaka usiku mmoja msemaji hakutokea kanisani wakamsimamisha yeye, basi, stempu zikatafutiwa mtu mwingine.

1962 kagombea Bunge la Texas, la jimbo, sio la Washington. Chali. 1964 tena, chali. Na hapa ndo ugomvi wangu na nyie, wengine mmeshausikia mpaka mmechoka: mwanamke akikosa kura mnakaa kumchambua yeye. Mnene, mweusi, sauti nzito, hajaolewa. Barbara naye aliambiwa maneno ya hivohivo. Hakuna aliyeuliza kura zinapigwa wapi. Jamani, zilikuwa zinapigwa kaunti nzima ya Harris, ndo yenye Houston yetu! Watu zaidi ya milioni 1, weusi wachache. Kwao Fifth Ward anazoa, akitoka pale kura hazionekani. Ni kama ugombee uenyekiti wa mtaa Manzese alafu wapige kura mpaka Masaki na Mbezi Beach. Utapita wewe?

Namwona kaka yangu pale nyuma anatikisa kichwa, visingizio hivo mama, aliyeshindwa kashindwa. Haya nisikilize. Bunge hilohilo lina Seneti yake, na katiba ya Texas ilikuwa inasema kaunti moja haizidi seneta mmoja, basi, hata mjae kama siafu. 1964 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema hapana, viti vya mabunge ya majimbo vifuate idadi ya watu. Ramani ya wilaya za uchaguzi ikachorwa upya. Barbara anaiangalia wilaya mpya ya 11 ya Seneti, anakuta ndani yake mitaa ileile iliyokuwa inampa kura tangu mwanzo. 1966 kagombea, kashinda. Mwili uleule, sauti ileile, na mume bado hana! Mtu mweusi wa kwanza Seneti ya Texas tangu 1883, wenzake 30 wote wanaume. Sasa kaka niambie, kilibadilika nini kama sio mstari wa kalamu?

Na msidhani ni hadithi za zamani, 2025 Texas wamechora tena, ramani ya Kongresi, bunge la Washington, safari hii, na kwenye grupu letu wiki ile mlikuwa mnabishana Simba na Yanga. Nilihesabu meseji. Naacha.

Naona simu imeinuliwa. Mbiombio basi. 10 Juni 1972, yeye ndo rais wa muda wa Seneti, gavana na naibu wake wako nje ya jimbo, kwaiyo Barbara anakuwa gavana kwa siku moja. Baba yake, mchungaji Benjamin, yule mwenye meza, alikuwepo Austin kumwona. Siku hiyohiyo akaugua ghafla, kesho yake akafariki. Hapo huwa nanyamaza kidogo lakini leo muda hakuna.

Hotuba yake ya 1974 kuhusu kumwondoa Rais Nixon, video mmeona wote, naruka. Kufundisha Chuo Kikuu cha Texas naruka. Kima cha chini cha mshahara alichokipigania nilikiandalia kurasa mbili, hizi hapa, narudi nazo nyumbani. Mkipita eapoti ya Austin sanamu yake iko pale, sio mnapiga selfi na zile sanamu za gitaa tu.

Wenye uraia, fomu za kujiandikisha ziko mezani karibu na sambusa. Mnajaza mnatuma wenyewe kwa posta. Kalamu ni zangu, ziko kumi na mbili, nimezihesabu.