Sidi Mubarak Bombay: Kumtafuta Askari wa Chogwe na Watu Wake

Asalaam aleykum, na hamjambo nyote. Ahsanteni kwa kunikaribisha, na ahsanteni zaidi kwa mafeni haya.

Nimeombwa nizungumzie jinsi ya kufuatilia maisha ya askari wa karne ya 19 na jamaa zake. Ningeweza kuwaletea afisa wa Kizungu mwenye cheti cha ubatizo, kaburi la marumaru na barua kwa mkewe. Huyo ni kazi ya mchana mmoja. Nimewaletea Myao aliyekuwa askari wa Sultani wa Unguja, Sidi Mubarak Bombay.

Wengi mnamjua kwa misafara. Alikwenda na wasafiri wa Kizungu waliokuja kuchunguza bara: Burton na Speke, akaenda na Speke na Grant, akaenda na Stanley kumtafuta Livingstone. Kisha akalivuka bara zima na Cameron, wakatoka Bagamoyo 1873 na kufika pwani ya Angola mwaka 1875. Habari hizo zimeandikwa mpaka zimechosha, na mimi leo ninazipita. Ninachotaka tukitazame ni uaskari wake na watu wake, na vyote viwili vimefichwa nyuma ya hiyo misafara.

Tuanze na karatasi. Speke aliandika maelezo ambayo Bombay mwenyewe alimpa, yakachapwa 1864. Ni mafupi sana. Bombay anasema kwao ni Uyao. Mama yake anamkumbuka kwa mbali mno, kwani alifariki yeye akiwa mdogo. Alipokuwa na umri wa miaka kama 12, kikaja kijijini kundi kubwa la wafanyabiashara wa pwani na watumwa wao, wana panga na bunduki, wakakizingira kijiji na kudai walipwe madeni yao saa ile ile. Madeni yenyewe yalikuwa ni nguo na shanga walizokopeshwa wanakijiji wakati wa njaa. Karibu kila mtu alikuwa anadaiwa, na hakuna aliyekuwa na cha kulipa. Watu wakatimua mbio. Wengi wakakamatwa, wakafungwa kwa minyororo na kamba mpaka Kilwa, wakapakiwa majahazini mpaka Unguja. Pale sokoni akanunuliwa na Mwarabu, akapelekwa India, akamtumikia miaka kadhaa. Bwana wake alipokufa akawa huru, akarudi Unguja, akaingia jeshini.

Kuhusu baba yake ana maneno machache tu: hakusikia tena habari zake. Labda alipigwa risasi akijihami, lakini yeye anaona yaelekea zaidi kwamba alikimbia akanusurika. Hebu fikirini, mtu mzima huyo, miaka mingi imepita, bado anapima uwezekano wa baba yake kuwa hai.

Sasa tuyasome maelezo haya kama watafiti. Anasema aliingia jeshi la "marehemu Imamu". Huyo ni Seyyid Said, Sultani wa Unguja, aliyefariki Oktoba 1856. Burton na Speke walimkuta Bombay mapema 1857 katika kituo cha Chogwe, kando ya mto Pangani. Kwa hiyo aliandikishwa kabla ya Oktoba 1856. Umri nao tunaupata kwa njia ya pembeni. Mwaka 1871 Stanley alimkadiria kuwa mtu wa miaka kama 50, mwenye mvi, na hapo ndipo makadirio ya kuzaliwa karibu na 1820 yanapata nguvu. Alitekwa, basi, mwanzoni mwa miaka ya 1830.

Jeshi lile msilifikirie kama jeshi la leo. Ngome za pwani zilishikwa hasa na Mabulushi, askari wa kukodiwa wenye asili ya Balochistan, chini ya majemadari, na mishahara ilikuwa midogo. Bombay mwenyewe anasema siku zake zilipita bila shughuli na tumbo nusu tupu. Alipewa kazi ya kuwasindikiza Wazungu wale hadi Fuga, Usambara, kwa Kimweri, mfalme wa Wasambaa, akiwa mbeba bunduki wa Speke. Wakampenda. Na walimtoaje jeshini? Burton anaeleza wazi kwamba walimbembeleza na kumlipia madeni yake.

Naomba hapo tusimame kidogo. Kijiji chake kilivunjwa kwa sababu ya deni la nguo na shanga. Yapata miaka 25 baadaye anauacha uaskari kwa sababu kuna mtu aliyemlipia deni. Vitabu vya safari vinasema Bombay alijiunga na msafara kwa uaminifu wake, kana kwamba uaminifu ulimjia kama homa. Mimi naona mtu aliyejua vizuri sana mdai akija mlangoni inakuwaje.

Miaka ya India imeacha alama katika ulimi wake. Speke alikuwa afisa wa jeshi la India, na wao wawili walizungumza Kihindustani. Lakini msimchanganye na wale walioitwa Waafrika wa Bombay, yaani watumwa waliokombolewa wakalelewa na wamisheni kule Nasik, India, ambao baadhi yao walikuja kukaa Frere Town, makazi ya wamisheni Mombasa, kuanzia miaka ya 1870. Wale wana madaftari ya kanisa. Hata Chuma, Myao mwenzake aliyefuatana na Livingstone, alibatizwa India mwaka 1865. Ukiwa na babu wa Frere Town, una pa kuanzia. Bombay wetu aliachwa huru na kifo cha bwana wake, na kifo hakitoi risiti.

Tuje kwenye ukoo, na hapa ndipo nina ugomvi na karatasi. Wayao huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtu ni wa mbumba, yaani kundi la jamaa wa upande wa mama yake, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Katika maelezo yale kuna baba, kuna kijiji, lakini mjomba hayumo. Mama amefariki, mtoto ni mdogo, halafu mjomba hatajwi hata kwa neno? Nadhani hakuulizwa. Mwingereza wa 1858 akitaka kujua asili ya mtu huuliza baba yako nani, nawe unajibu ulichoulizwa. Kwa hiyo mkifanya utafiti wa namna hii, kila jibu la zamani jiulizeni lilitanguliwa na swali gani.

Na yuko ndugu. Bombay ndiye aliyemleta Mabruki kwenye msafara wa kwanza akimwita ndugu yake. Naye alikuwa Myao, mtumwa wa Mwarabu wa Unguja, akakodishwa kwa riale 5 kwa mwezi. Burton analiweka neno hilo ndani ya alama za kunukuu, kama mtu anayeinua nyusi. Mimi simcheki Bombay. Aliyenyang'anywa ukoo wote kwa siku moja ana haki ya kujichagulia ndugu.

Mwili wake pia ni hati. Stanley anaandika kwamba Bombay alikuwa na pengo baya katika meno ya juu ya mbele, lililotokana na ngumi ya Speke huko Uganda, na anaongeza kwamba adhabu ile ilikuwa ya lazima. Hilo la ulazima mwachieni Stanley. Kwetu sisi, mtu mwenye pengo hilo ndiye, hata kama jina limeandikwa Mubarak, Mbaraka au Mabruk, majina yaliyojaa Unguja nzima.

Mwaka 1876 Shirika la Kifalme la Jiografia la London lilimpa nishani ya fedha na pensheni. Alifariki 1885. Nishani ni pambo tu. Pensheni ndiyo yenye faida kwa mtafiti, maana pensheni ina mlipaji, na mlipaji huandika. Ningekuwa kijana ningeanza na karatasi za shirika hilo, kisha barua za ubalozi mdogo wa Uingereza zilizopo Hifadhi ya Nyaraka Zanzibar, halafu kumbukumbu za makadhi na wakfu.

Kuhusu kwao hasa, Speke anapataja karibu na digrii 11 kusini, kati ya pwani na ziwa Nyasa, nchi ambayo yeye mwenyewe hakuikanyaga. Hiyo ni jirani na Ruvuma. Lakini msikimbilie Tunduru na Masasi peke yake, kwani Wayao wengi wa huko walivuka mto baadaye katika karne hiyo. Huenda mbumba yake iko upande wa Msumbiji, na hadithi ya kijiji kilichozingirwa kwa deni la njaa inasimuliwa na kina bibi huko bila jina la Bombay, kwa sababu jina hilo hawakulijua kamwe.

Sasa maswali. Naanza na bibi wa mstari wa pili, ameinua mkono tangu nilipomtaja mjomba.